Kwenda barafuni kwa meli: makaratasi kwanza, koti baadaye

Huku Runazi barafu ni ile ya watoto wa shule: juisi iliyogandishwa kwenye kifuko cha nailoni, inauzwa dirishani kwa mwenye friji, na inaisha kabla kengele ya mapumziko haijalia tena. Kwa hiyo mtu akisema anaweka akiba aende kwa meli kuiona barafu ya Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, watu hucheka kwanza, kisha huuliza koti atalipata wapi. Swali la koti ni jepesi, nitalijibu. Zito ni la makaratasi, na ndilo linalowaangusha wenye pasipoti kama yetu. Mzungu hununua tiketi, halafu hufunga mizigo. Sisi tukifuata mpangilio huo tunaweza kupoteza fedha yote kabla hatujaiona hata hiyo bahari. Mpangilio wetu ni mwingine, na unataka mwaka mmoja na nusu.

Ujue kwanza unanunua nini. Meli nyingi za safari hii huondoka Ushuaia, mji wa kusini kabisa wa Argentina, kati ya Novemba na Machi, maana hicho ndicho kiangazi cha huko. Hukata mlango wa bahari wa Drake kwa siku mbili, huzunguka visiwa na ghuba za rasi ya Antaktika kwa siku nne au tano, kisha hurudi kwa siku mbili nyingine. Jumla ni siku 10 hadi 12. Kitanda cha bei ya chini, kwenye chumba cha watu watatu, mara nyingi ni dola 6,000 au zaidi, na chumba chenye roshani huweza kupita mara mbili ya hapo. Dola 6,000 kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni milioni 15, na bado hujapanda ndege. Ongeza nauli, viza, bima, hoteli, na bakshishi ya wafanyakazi wa meli ambayo mara nyingi hukadiriwa dola 15 hivi kwa siku. Mimi nisingemshauri mtu aanze bila milioni 30 zilizokaa kando, na zisitoke VICOBA. Mkopo wa kikundi ni wa mbegu, ada na bodaboda. Pengwini hawarejeshi marejesho ya Ijumaa.

Novemba na Machi bei hushuka kidogo. Novemba theluji ni safi, Desemba na Januari vifaranga vya pengwini huanguliwa, Februari na Machi nyangumi ni wengi. Ukisafiri peke yako usikubali kulipa chumba kizima. Omba upangwe na mwenzako wa jinsia yako. Kulala na mgeni siku 10 si jambo geni kwa aliyesoma bweni.

Ukubwa wa meli ni jambo la kuuliza mapema kuliko anasa yake. Kanuni za Antaktika haziruhusu meli yenye abiria zaidi ya 500 kuteremsha watu nchi kavu, na katika sehemu moja hawaruhusiwi kuwa chini zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja. Piga hesabu mwenyewe: meli ya abiria 400 inateremsha kwa zamu nne, na wewe utakaa ndani ukisubiri yako. Tafuta meli ya watu chini ya 200. Kisha angalia kama kampuni ni mwanachama wa IAATO, chama cha kampuni za utalii wa Antaktika kilichoanzishwa mwaka 1991. Orodha ya wanachama iko wazi intanetini. Kampuni isiyomo, au wakala anayetaka umtumie "kishika nafasi" kwenye namba yake ya simu, mwache aende zake.

Sasa makaratasi. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko Bukoba. Kinachochelewesha watu wa vijijini ni vilivyo nyuma ya pasipoti: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti au kiapo cha kuzaliwa kwa mzazi, na ushahidi wa safari yenyewe. Majina yasipolingana, kwamba cheti cha shule kina herufi moja na NIDA ina nyingine, rekebisha kabla ya jambo lolote. Sisi wa mpakani, wenye ndugu Rwanda na Burundi na majina yanayovuka mto Kagera bila kugongewa muhuri, huulizwa maswali ya uraia zaidi ya mtu wa Dodoma. Usikasirike. Nenda na karatasi zilizokamilika na barua ya mtendaji wa kijiji, ujibu taratibu.

Pasipoti ikishapatikana, usilipe meli. Omba kampuni ikupe makadirio ya bei kwa maandishi na ikushikilie nafasi kwa muda bila malipo, kisha uliza swali moja ambalo wateja wao wengine hawana haja ya kuliuliza: nikinyimwa viza, nitarudishiwa kiasi gani, na hadi tarehe ipi? Kampuni nyingi hutaka malipo ya awali ya asilimia 20 au 25, na salio siku 90 hadi 120 kabla ya kuondoka. Viza ya Argentina huweza kutoka baada ya tarehe hiyo ya salio, na hapo ndipo mtego ulipo. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta kampuni nyingine. Likiwa zuri, lihifadhi kwenye barua pepe, lisiwe maneno ya simu.

Mtanzania anahitaji viza kuingia Argentina, na ubalozi wao wa karibu uko Nairobi. Antaktika yenyewe haina viza, maana haina serikali. Inaongozwa na mkataba uliotiwa saini na nchi 12 mwaka 1959, Afrika Kusini ikiwa nchi pekee ya Afrika kati ya hizo. Lakini lazima utoke Argentina na urudi Argentina, kwa hiyo omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, uonyeshe ratiba ya meli. Uliza pia kuhusu kila uwanja wa ndege utakaobadilishia. Njia ya kawaida kutoka kwetu ni Addis Ababa kisha São Paulo, na kila nchi ina masharti yake kwa anayepita tu. Kadi ya manjano ya chanjo iwe ndani ya pasipoti, isiwe kwenye begi kubwa.

Afisa wa viza anataka kuamini jambo moja, kwamba utarudi. Mwenye mshahara hupeleka barua ya mwajiri. Mkulima anaweza kupeleka hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake, leseni ya biashara kama anayo, na taarifa ya benki ya miezi sita. Taarifa hiyo iwe na mwendo: fedha za kahawa zinaingia, za mbolea zinatoka. Milioni 20 zilizotua wiki iliyopita zote kwa mkupuo humfanya afisa aseme moyoni mwake kwamba huo ni mchezo tu. Ikiwa fedha zako zote ziko kwenye simu, anza leo kuzipitisha benki. Hii ndiyo sababu nimesema mwaka mmoja na nusu.

Kuna wanaoshauri uende Ushuaia ukasubiri nafasi iliyobaki dakika za mwisho, ambayo huuzwa kwa bei ya kutupa. Ni ushauri mzuri kwa kijana wa Ulaya mwenye mkoba mgongoni. Kwetu ubalozi unataka kuona ratiba ya meli kwanza, na ukikosa nafasi umekwama kwenye mji ambao supu ya asubuhi inakomba posho ya wiki.

Bima ichukuliwe kwa makini. Kampuni za meli hudai bima inayolipia kuokolewa na kusafirishwa hadi hospitali, maana huko hakuna hospitali; kuna daktari wa meli, na ndege ya wagonjwa hutegemea hali ya hewa iliyopo. Bima nyingi za safari zinazouzwa mjini huandika kwa herufi ndogo kwamba hazihusu maeneo ya ncha za dunia. Soma hadi mwisho, au mwombe mwalimu wa sekondari asome nawe.

Wakati karatasi zinasubiri mezani kwa watu, jaribu mwili wako.

Mtu wa Kagera hawezi kuzungumzia meli bila kunyamaza kidogo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wetu wakafa. Kuna nyumba huku ambazo hadi leo hazipandi chombo cha majini. Kama nyumba yenu ni mojawapo, usifiche; ongea nao, na uwaambie pia habari nyingine. Tarehe 23 Novemba 2007 meli ya watalii iitwayo Explorer, ya kwanza kujengwa mahususi kwa safari za namna hii mwaka 1969, iligonga barafu karibu na kisiwa cha King George huko Antaktika na kuzama. Ndani yake walikuwamo watu 154. Walikaa saa kadhaa kwenye mashua za kuokolea, kwenye baridi, hadi meli ya Nordnorge ilipofika kuwachukua. Hakufa hata mmoja. Kila mtu alikuwa kwenye orodha, kila mtu alikuwa na kiti kwenye mashua, na kila mtu alikuwa ameshafanyishwa zoezi la kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Zoezi hilo hufanywa kabla meli haijaenda mbali, kengele inalia, mnakusanyika kwa majina. Wapo abiria wanaolipuuza na kwenda wakiburuza miguu. Wewe fanya kama mtu anayetoka Kagera.

Kwa jaribio, nenda Mwanza ukapande MV Victoria, iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ulale humo hadi Bukoba. Siku hizi kufika Mwanza kwa basi kutoka Biharamulo hakuna tena foleni ya kivuko, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yanagongagonga. Ya Drake ni marefu, yanakuinua polepole kama unapanda kilima cha Ngara kisha yanakuachia. Hayafanani, lakini tumbo lako litakuambia kama ni la kulevywa na maji. Likilevywa, muone daktari akuandikie dawa inayokufaa, ujue inakusinzisha kiasi gani, na kwenye Drake uimeze kabla mawimbi hayajaanza. Aliyekwishaanza kutapika huitapika na dawa. Chagua chumba cha chini, katikati ya meli. Ndicho cha bei ndogo, na ndicho kinachoyumba kidogo. Hapo tu umaskini na busara vimekutana.

Baridi nayo inajaribiwa nyumbani. Kiangazi kwenye rasi ya Antaktika joto huchezea nyuzi sifuri, huenda chini kidogo au juu kidogo. Usiku wa Kibo karibu na kilele, mita 5,895, ni mkali kuliko huo. Mwingereza Bill Tilman, aliyehamia Kenya mwaka 1919 na kulima kahawa huko, alijifunzia barafu kwenye mlima Kenya, Kilimanjaro na Ruwenzori; ndipo uzeeni akanunua mashua za tanga na kwenda nazo Greenland na bahari za kusini, hadi alipopotelea huko mwaka 1977. Si lazima ufike kileleni kama yeye. Siku mbili tu kwenye njia ya Marangu zitakuonyesha ni kidole gani kinakufa ganzi kwanza.

Na karibu na hapo, mjini Moshi, ndipo koti linapopatikana. Soko la mitumba la Memorial lina majaketi ya theluji, suruali zisizopenya maji na fulana za sufu ambazo wapagazi na waongoza watalii huzijua kwa kuzishika tu, na wapo wanaokodisha vifaa vya mlimani. Vaa kwa matabaka matatu: la kubana mwilini la sufu au nailoni, la kati lenye manyoya, la nje la kuzuia upepo na maji. Pamba iache nyumbani. Ikilowa haikauki, inakunyonya joto. Chukua glavu jozi mbili, moja nyembamba ndani ya nyingine nene, na kofia inayofunika masikio. Kampuni nyingi hutoa jaketi kubwa na kuazima mabuti ya mpira, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Miwani ya jua ni lazima, na mafuta ya kukinga jua pia. Weusi wa ngozi hausaidii sana jua linapopiga kutoka juu na theluji ikalirudisha kutoka chini. Mafuta ya mgando kwa midomo, kopo kubwa.

Lakini mtumba, na hasa mtumba uliovaliwa Runazi, una tatizo lake, na hapa mkulima wa Kagera ana akili kuliko abiria wote. Kabla ya kushuka, wahudumu wa meli hukagua mifuko, mishono, soli na ule mkanda wa nguo unaonata kwa miba midogo, wakitafuta mbegu na udongo, kwa kifaa cha kuvuta vumbi na sindano. Mabuti yanachovywa kwenye dawa kila unaposhuka na kila unaporudi. Wengine huona ni usumbufu. Sisi tuliolishuhudia gugumaji likishuka na mto Kagera hadi kulifunika ziwa, na tuliopitia mnyauko wa migomba tukafundishwa kusafisha panga kabla ya kuhamia shina jingine, hatuhitaji maelezo. Huko kuna nyasi ngeni, Poa annua, iliyoingia karibu na kituo cha Wapolandi cha Arctowski miaka ya 1980, na kuing'oa yote imekuwa kazi ya miaka. Fua kila kitu ukiwa bado nyumbani, geuza mifuko nje, sugua soli kwa mswaki. Punje moja ya mtama mfukoni inatosha kukuchelewesha foleni nzima.

Kushuka hufanyika kwa boti za mpira, watu kumi hivi kila boti. Mpe baharia mkono kwa kushikana vifundo vya mikono, yeye ashike chako nawe ushike chake, viganja huteleza. Kanyaga ukingo, kanyaga sakafu, kaa, usisimame kupiga picha. Nenda haja kabla ya kushuka, maana nchi kavu hakuna choo na hakuna kichaka, na hata kingekuwepo hairuhusiwi. Chakula hakishuki. Pengwini unakaa naye mbali mita tano au zaidi. Akiamua kukukaribia, simama, na akitaka njia mpishe, yeye ndiye mwenye kijiji. Usiokote jiwe, unyoya wala mfupa. Siku hizi, kwa sababu ya mafua ya ndege, hawataki hata ukae au upige magoti chini. Betri ya simu huzimika haraka kwenye baridi. Ibebe ndani ya nguo, karibu na kifua. Na waambie watu wa nyumbani kwamba utakuwa kimya siku kadhaa. Intaneti ya meli ipo, ila kwa baadhi ya meli bei yake itakukumbusha salio la shamba.

Ambaye Argentina imemgomea aangalie kaskazini. Svalbard ya Norway haihitaji viza kwa mtu yeyote, lakini ndege zake hupita Norway, na Svalbard iko nje ya eneo la Schengen. Kwa hiyo omba Schengen ya kuingia mara mbili au zaidi. Wenye ya mara moja huweza kwenda wakashindwa kurudi. Greenland pia iko nje ya Schengen, na viza yake huandikwa waziwazi kwamba inafaa Greenland. Huko utaona dubu wa barafuni badala ya pengwini, na kwa mita 300 au zaidi, tangu sheria mpya za Svalbard zilipoanza Januari 2025. Wasioweza milioni 30, na ni vijana, wanaweza kwenda wakilipwa. Chuo cha DMI cha Dar es Salaam hufundisha kozi za msingi za usalama wa baharia, na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndilo lenye mambo ya vitabu vya mabaharia. Wakala akikutoza fedha ili akupatie kazi melini, jua kwamba mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakataza hilo.

La mwisho ni dogo. Meli nyingi za rasi ya Antaktika, hali ya hewa ikiruhusu, husimama Port Lockroy, kituo cha zamani cha Waingereza cha mwaka 1944 ambacho sasa ni makumbusho yenye posta. Kadi ukiituma pale hupitia visiwa vya Falkland na Uingereza, na hufika baada ya wiki nyingi. Wengi wetu tumezoea namba za simu hadi tumesahau anwani. Kabla hujaondoka Runazi, pita shuleni umuulize mwalimu mkuu namba ya sanduku lao la posta, uiandike nyuma ya daftari lako la safari: jina la shule, S.L.P., Biharamulo, Kagera, Tanzania. Chagua kadi yenye barafu nyingi.